Mvua Ikinyesha, Darasa Hujaa

Kisumu, 1994

Jumatatu, 7 Machi

Leo wamekuja wanne. Mmoja alikuja kuchukua leso aliyoisahau wiki iliyopita, kwa hiyo tuseme watatu.

Nilisimama mbele ya mabenchi matupu ya kanisa, chaki mkononi, nikafundisha sehemu za kumi kana kwamba ukumbi umejaa. Nje jua lilikuwa kali. Kutoka dirishani niliwaona wanafunzi wangu wengine wote, wanawake walioacha shule zamani, pale ufukweni, wameinama, wanatandaza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu. Ningeweza kuwaita kwa majina kutoka nilipo. Niliita mara moja, jina la Adero, na yeye akanipungia mkono kwa furaha kama mtu anayemsalimu jirani.

Joram Obiero, katekista anayetunza ukumbi huu, alinieleza jambo hili siku niliyoanza Januari. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa za karabai, omena hufuata taa, na asubuhi kazi ya kuanika ni ya wanawake. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana, mashua hulala, wanawake hupumzika, na darasa hujaa. "Hakuna mwezi, hakuna darasa," aliniambia. "Hii kitu hata mtoto ya hapa anajua."

Najua, Joram. Nimejua tangu Januari. Kujua hakujanipunguzia hasira hata kidogo.

Jumatano, 9 Machi

Watatu. Jua.

Jumatatu, 14 Machi

Mvua ilianza kabla ya saa tatu, kubwa, ya kutoka ziwani. Nilipofika ukumbini na viatu mkononi nilikuta mabenchi yote yamejaa. Wasichana, akina mama, watoto wachanga mgongoni, harufu ya samaki mpaka kwenye madaftari. Nilifurahi sana. Nilisema kwa sauti, "Leo Mungu ametukumbuka."

 Dorca, ambaye ana umri wangu na ndiye mwenye omena nyingi kuliko wote hapa ufukweni, alikuwa anakamua maji kutoka kwenye gauni lake mlangoni. "Mwalimu, wewe unafurahi nini?" akauliza. "Omena yote imenyeshewa. Hiyo sasa ni chakula ya kuku."

Niliona aibu mpaka masikioni. Halafu nikaona hasira, kwa sababu sikuiomba mvua mimi, na nilikuwa na darasa lililojaa, na mtu hawezi kufundisha akiwa anaomboleza samaki. Nikafundisha mpaka saa sita. Nilikuwa na wanafunzi thelathini kwa gharama ya riziki yao, na somo lilikuwa zuri.

Jumanne, 22 Machi

Mwezi unakua. Ukumbi umejaa bila msaada wa mvua.

Nilitoa ile hesabu ya tangi. Bomba moja linajaza tangi kwa saa mbili, tundu linalivujisha kwa saa tano, je, tangi litajaa baada ya muda gani? Katika shule niliyotoka, kule Milimani kwa wenye magari, watoto huinama mara moja wakaanza kuandika. Hapa Dorca aliinua mkono.

"Huyo mwenye tangi ni nani?"

"Mtu tu, Mama Dorca."

"Na anajua imetoboka?"

"Anajua."

"Sasa anafungulia maji ya nini? Si azibe kwanza?"

Darasa zima lilikubaliana naye. Nilieleza kwamba hili ni swali la mtihani, kwamba mtihani hautaki ushauri. Adero, ambaye aliacha shule darasa la saba alipopata mtoto, na ambaye akili yake inakwenda mbio kuliko yangu, alisema taratibu, "Mwalimu, andika tu kwamba tundu ni dogo, na mwenyewe amemtuma fundi. Hapo tutafanya." Nikaandika hivyo ubaoni, na fundi nikamtia. Wakafanya. Nilirudi nyumbani nimechoka na nikalala mchana.

Jumapili, 27 Machi

Bi Seline alipita nyumbani baada ya ibada. Ndiye mwalimu mkuu wangu wa zamani. Alikunywa chai, akasifu mapazia, kisha akaniambia kilichomleta. Aliyechukua nafasi yangu ni wa muda tu. Mwisho wa Mei anataka kujua kama ninarudi.

"Nekoye, mimi sikulaumu," alisema. "Nataka tu kuelewa. Kwa nini uliacha darasa zuri vile ukaenda kwa samaki?"

Nikamjibu kwamba nilitaka mabadiliko. Mabadiliko! Kama mtu anayebadilisha dawa ya meno. Mpaka sasa ninavyoandika jibu hilo linanikera. 

Mume wangu Wakoli alimsindikiza hadi kwenye gari, akarudi, akauliza swali lilelile.

Ijumaa, 8 Aprili

Wawili. Giza linaingia. Shule zote zimefunga na walimu wenzangu wako makwao Bungoma wanakula ugali uliopikwa na mtu mwingine. Mimi niko hapa na watu wawili na inzi.

Jumatatu, 11 Aprili

Hakuna mtu.

Jumanne, 19 Aprili

Nimetoka ofisi ya elimu na kichwa kinaniuma.

Mambo ni haya. Wanafunzi wangu wanne wako tayari kwa mtihani wa darasa la nane mwaka huu, na Adero ndiye wa kwanza wao. Lakini ofisi haitapokea majina yao mpaka darasa letu likaguliwe na kukubaliwa. Likikataliwa, hakuna mtihani, na Joram amesema wazi kwamba wazee wa kanisa wataufunga mlango huu waipe kwaya ukumbi wao. Kwa hiyo kila kitu kinamtegemea mkaguzi, Madam Kageha, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mwenye mwamvuli mweusi ambao hauachi hata akiwa ndani ya nyumba.

Alifungua shajara yake. "Nitakuja tarehe kumi na moja Mei, saa tatu."

Mimi nilikuwa nimeshajua tarehe hizo zilivyo. Ni katikati ya giza.

"Madam, naomba tarehe ishirini na tano."

"Kuna nini tarehe kumi na moja?"

"Ni wakati wa giza. Wanafunzi watakuwa kwenye omena."

Aliniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi. "Mwalimu, shule haziendeshwi na samaki. Darasa ambalo wanafunzi huja wakipata nafasi si darasa. Nikikuta mabenchi matupu nitaandika matupu."

Nilitaka kumwambia kwamba niliwahi kuandika maneno yayo hayo katika daftari hili. Nikasema asante, nikatoka.

Jumatatu, 25 Aprili

Mwezi umejaa, ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa madhabahuni, Joram akiona atazimia.

Niliwaambia kuhusu ukaguzi. Niliwaambia kila kitu, na jinsi mlango utakavyofungwa. 

"Tutakuja," Dorca akasema.

"Nyote?"

"Kama mvua itanyesha, sisi wote."

"Na kama jua litawaka?"

Alianza kumpangusa mtoto wa mwenzake kamasi.

Adero alibaki baada ya wengine kutoka. Alinieleza kwamba mwezi ujao kwa mara ya kwanza ataanika omena yake mwenyewe. Miaka yote hii ameanika ya Dorca. Hiyo atakayoanika itakwenda soko la Katito, na ndiyo itakayomlipia mtihani. "Lakini siku ya Madam nitakuja, Mwalimu. Wewe usijali."

Nilijali papo hapo.

Jumapili, 1 Mei

Mvua usiku kucha. Wakoli alikwama Ahero tangu jana, maji yamekata barabara, amefika leo na suruali imekunjwa magotini na tope hadi kifuani. Nilimwekea maji ya kuoga. Akiwa bafuni akaniuliza kwa sauti, kupitia mlango, kama nimeamua kuhusu Bi Seline. Nikamwambia sijaamua.

"Ungekuwa Milimani saa hii tungekuwa na nyumba ya shule kule juu. Hakuna mafuriko kule juu."

"Ahero haijahamia hapa, Wakoli."

"Mimi nauliza tu kwa nini."

"Kwa sababu mko wengi mnaoniuliza," nikamwambia. Hilo nalo si jibu, lakini lilimnyamazisha mpaka akamaliza kuoga.

Jumapili, 8 Mei

Ibada. Joram alisimama akawaombea wavuvi na wanawake wa ufukweni jua zuri wiki yote. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nne, nimefumba macho, ninaomba mvua Jumatano saa tatu asubuhi. Ndani ya ukumbi mmoja Mungu alipokea maombi mawili yanayopigana, na la kwangu lilikuwa la siri.

Nimejaribu kujitetea. Mvua moja tu. Watakuwa na siku nyingine za kuanika. Halafu nilimkumbuka Adero na omena yake ya kwanza, nikaacha kujitetea, lakini maombi sikuyaondoa. Niandike ukweli wote: kuna upande wangu mwingine uliotaka jua, mabenchi matupu, Madam afunge, nami nirudi kwa Bi Seline bila kulaumiwa na mtu. Nilitoka kanisani nimechukizwa na pande zangu zote mbili.

Jumanne, 10 Mei

Anga safi kama sahani iliyooshwa. Hakuna hata wingu la kumdanganya mtu.

Jumatano, 11 Mei

Ninaandika jioni, nguo zangu zinakauka, mikono inanuka na sabuni imeshindwa.

Saa tatu jua lilikuwa linachoma. Gari la Madam Kageha likafika, akaketi benchi la nyuma, mwamvuli magotini. Mbele yangu walikuwa sita. Wale wanne wa mtihani, Dorca, ambaye nilishangaa kumwona, na msichana mmoja mgeni ambaye nadhani alikosea mlango. Madam akaandika kitu. Nilijua ameandika nini.

Nikaanza. Nilirudia hesabu ya tangi kwa sababu ndiyo pekee niliyoikumbuka. Dorca, Mungu ambariki, hakuuliza chochote kuhusu mwenye tangi. Alikaa kimya kama mtu aliye msibani. Wote walikaa kimya. Nilipouliza swali walijibu kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu." Nilipokosea kuandika saa tano nikaandika saa sita, hakuna aliyesema neno. Walinakili saa sita.

Hapo nikaanza kuudhika, na sikujua kwa nini. Niliwaangalia vizuri. Adero alikuwa anaandika, lakini kila baada ya mstari macho yake yalikwenda dirishani. Nikageuka nami nikaangalia. Upande wa milima ya Nyakach wingu lilikuwa limesimama, jeusi, na lilikuwa linakuja juu ya maji.

Mvua yangu. Ilikuwa imechelewa kidogo tu.

Niliona yote kwa mara moja. Nikiendelea kufundisha polepole, mvua itafika, ufukwe utakimbia, wale wengine wote watajaa hapa ndani, na Madam atahesabu thelathini. Darasa litakubaliwa. Omena ya wale walioko ufukweni itaokolewa na wenyewe, angalau nusu, na Dorca ana vibarua wake huko. Lakini ya Adero ilikuwa imetandazwa peke yake kule mwisho, karibu na mawe, na haikuwa na mtu. Mtu wake alikuwa amekaa mbele yangu ananakili saa sita.

Nilimngoja anyanyuke. Katika miezi yote hii hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa. Mtu akiona wingu alikuwa anachukua leso yake anakwenda, hata niwe katikati ya sentensi, nami nikalalamika katika daftari hili kurasa kwa kurasa. Leo Adero aliliona wingu na akakaa. Alikaa kwa sababu yangu, kwa sababu ya Madam. Alikaa kama watoto wa Milimani walivyokuwa wakikaa, ambao ningeweza kuwaambia Ahero iko Mombasa nao wangeandika na kupigia mstari. Watoto wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wameambiwa wakae tu, na dereva angekuja kuwachukua.

Nikaweka chaki chini.

"Adero, nenda."

"Mwalimu, tumalize kwanza."

"Omena yako itanyeshewa. Nenda. Nyote nendeni."

Dorca alikuwa ameshafika mlangoni kabla sijamaliza. Madam Kageha alisimama. "Mwalimu, unatoa wanafunzi katikati ya ukaguzi?"

"Ndiyo, Madam."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Sikuwa nimetambua kwamba nilikuwa ninakwenda. Nilikuwa tayari nimevua viatu. "Ya Adero ni nyingi kwa mtu mmoja," nikasema, nikatoka mbio.

Sijawahi kukimbia hivyo tangu nikiwa msichana. Ufukwe mzima ulikuwa unapiga kelele, koth, koth biro, mvua inakuja, wanakunja nyavu, wanajaza magunia na karai. Tulikunja ya Adero kutoka pembe, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, omena zikinimwagikia kifuani. Matone ya kwanza yalianguka tulipokuwa tunafunga gunia la mwisho. Langu sikulifunga vizuri na robo yake ilibaki mchangani. Adero aliitazama, akasema, "Hiyo wachia ndege," tukabeba mengine. Dorca alipoteza zaidi. Alikuja mbio akiwa nyuma yetu, anatukana mvua kwa Dholuo, na nadhani nami nilikuwemo katika hayo matusi.

Wote tukaingia ukumbini, kwa sababu ndipo mahali pa pekee palipo na bati zima. Magunia tuliyapanga madhabahuni. Madam Kageha alikuwa bado yupo. Gari lake lilikuwa limezama tope langoni hadi katikati ya tairi. Alikuwa amekaa palepale, wima, leso puani.

Sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nikafundisha. Nilifuta saa sita nikaandika saa tano.

"Hata mimi niliona," Dorca akasema, sasa amerudi kuwa Dorca. "Nikasema leo Mwalimu ni mgonjwa. Na huyo wa tangi bado hajaziba?"

Wakaanza. Watu thelathini walikuwa wanabishana kuhusu tundu na fundi, wengine Kiswahili, wengine Dholuo, mtoto mmoja analia, Adero amesimama ubaoni anamwonyesha Dorca kwamba hata tangi linalovuja hujaa kama bomba lina nguvu zaidi. Nilipiga kelele wanyamaze. Hawakunyamaza. Niliwakasirikia kwa moyo wangu wote, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu asubuhi.

Mvua ikakatika. Jua likatoka, kali, kama vile halijawahi kuondoka. Nikangoja wachukue magunia yao waende, kama kawaida. Adero alikwenda mlangoni, akaangalia nje, akarudi kukaa.

"Chini bado ni maji, Mwalimu," akasema. "Endelea tu."

Tuliendelea mpaka mchanga ukakauka.

Walipoondoka, wavuvi wakasukuma gari la Madam. Kabla ya kuingia aliniuliza, kwa ile sauti yake ya upole, "Mwalimu, kwa vyeti vyako ungekuwa popote. Kwa nini uko hapa?"

Nilikuwa nimelowa, nimechoka, sikuwa na nguvu ya kutafuta jibu la heshima. "Kule nilikotoka wanakaa kwa sababu wameambiwa wakae," nikamwambia. "Hapa mtu akikaa kunisikiliza ameacha kitu chake juani. Nikifundisha upuuzi ananyanyuka anakwenda. Wananichosha sana, Madam. Lakini leo asubuhi walipokaa kimya kwa kuogopa, niliona heri wanichoshe."

Aliingia garini. Hakuandika kitu. Amesahau mwamvuli wake.

Alhamisi, 12 Mei

Mmoja. Alikuja kuuliza kama tumefungwa. Nikamwambia sijui.

Ijumaa, 20 Mei

Bado kimya kutoka ofisini. Sili vizuri. Wakoli haulizi tena kwa nini, anauliza lini.

Jumatano, 25 Mei

Mwezi umejaa na ripoti imekuja. Joram aliisoma mbele ya darasa zima, polepole, kama anasoma Warumi. Mahudhurio ni mabaya. Ratiba haipo. Mwalimu aliondoka darasani bila utaratibu. Kuna samaki mahali pa ibada. Ukaguzi utarudiwa muhula huu, katika siku itakayochaguliwa na mwalimu mwenyewe. Kwa sasa majina ya watahiniwa yapokelewe.

Joram alilazimika kurudia hilo la mwisho. Adero alifunika uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Dorca akauliza, "Kwa hivyo tumepita ama hatujapita?" 

Jioni nilimwandikia Bi Seline barua fupi. Nilimwambia sirudi, na kwamba sababu ni ndefu na inanuka, nitamweleza akija kunywa chai.

Jumatano, 8 Juni

Giza tena. Jua kali. Wamekuja watatu, na mmoja alikuwa ametumwa na Madam Kageha kuchukua mwamvuli.

Nilikuwa ninaandika ubaoni hesabu mpya, ya treni mbili zinazokutana, nimekasirika tayari, Adero akapita dirishani na karai kichwani. Alisimama akaisoma yote.

"Mwalimu, jibu ya hiyo ni ngapi?"

"Ingia ndani ufanye, utajua."

"Mimi nimeshapata," akasema. "Nilitaka kujua kama wewe umepata."

Akaenda zake kwenye omena. Nikawaambia wale wawili wangoje kidogo, nikavuta kiti, nikaifanya ile hesabu tena tangu mwanzo.